Kaserole ya Reuben imetota chini, imeelea mafuta: nifanyeje?

Swali: Habari za kazi, Chef. Mimi ni mpishi kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Minneapolis. Wazee wetu wanaipenda sana sandwichi ya Reuben, ila wengi meno hayawaruhusu tena kuing'ata, kwa hiyo msimamizi akaniomba niigeuze iwe kaserole ya oveni. Nilipanga mkate, nyama, kabichi chachu, jibini na sosi vilevile kama kwenye sandwichi, nikafunika kwa foili, nikaoka saa nzima. Mkate wa chini ukawa uji, mafuta yakaelea pembeni, na chumvi ilizidi hadi watu wakaacha sahani. Mwenzangu jikoni anasema dawa ni kumwagia kopo la supu nzito ya uyoga. Ni kweli? Na ninaweza kuipanga usiku ili asubuhi niingize tu kwenye oveni? Halafu mdogo wangu yuko Mombasa, naye anataka kuijaribu.

Jibu: Dada yangu, kopo la supu liache kwenye rafu. Namwelewa mwenzako, maana huko Minnesota chakula cha namna hii mnakiita "hotdish", na supu ya kopo ndiyo gundi yake tangu kampuni ya Campbell ilipoanza kuuza supu ya uyoga mwaka 1934. Kwenye kuku na wali, au tambi na jodari, inafanya kazi yake. Lakini wewe shida yako ni maji na chumvi, na supu ile ni maji na chumvi. Utakuwa unazima moto kwa petroli.

Kwa wasomaji ambao hawajawahi kuila: Reuben ni sandwichi ya moto inayouzwa kwenye deli za Marekani, yale maduka ya nyama na vyakula vya tayari ambayo pia hukaa watu wakala. Ina mkate wa rai, nyama ya kidari cha ng'ombe iliyolowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chumvi na viungo kisha ikachemshwa hadi ikalainika, kabichi iliyochachushwa, jibini la Uswisi na sosi ya pinki wanayoiita ya Kirusi. Nani aliyeitunga, wanabishana hadi leo. Watu wa Omaha, Nebraska, wanasema ni mfanyabiashara wa vyakula Reuben Kulakofsky, akiwa anacheza karata na wenzake katika Hoteli ya Blackstone miaka ya 1920, na mwenye hoteli Charles Schimmel akaiingiza kwenye menyu. New York wanasema ni ya Arnold Reuben, mwenye deli, na wanautaja mwaka 1914. Mwaka 1956 Fern Snider, mhudumu aliyewahi kufanya kazi Blackstone, alishinda nayo shindano la kitaifa la sandwichi, na umaarufu ukaenea. Ugomvi mkubwa ni wa mtungaji. Kuhusu vitu vya Reuben ya leo wengi wanakubaliana, na kuhusu namna ya kuipika pia: bamba la chuma la moto, siagi nje ya mkate, dakika chache kila upande, basi.

Hapo kwenye dakika chache ndipo kaserole yako ilipoharibikia. Sandwichi ni nyembamba na imezungukwa na hewa. Kabichi ikitoa maji, yanatoka kwa pembeni, mengine yanakuwa mvuke. Mkate unakauka nje kabla ya unyevu wa ndani kuufikia. Ukivipanga vitu hivyohivyo kwenye trei yenye kuta nne, ukafunika foili na kuoka saa nzima, maji hayana mlango. Yanapanda kama mvuke, yanagonga foili, yanarudi chini, na mkate wa chini unayanywa yote. Kwa hiyo kanuni ni kwamba kila kitu kiingie kwenye trei kikiwa kimekauka kadiri kinavyoweza na kikiwa tayari kina moto, ili oveni ibaki na kazi ya kuyeyusha jibini na kukausha mkate tu.

Tuanze na kabichi, maana yeye ndiye mkosaji mkubwa. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kabichi chachu ni maji, na watu wengi wanaishia kuimwaga kwenye chujio na kusubiri. Haitoshi. Iweke kwenye kitambaa safi, kunja ncha, kisha ikamue kwa mikono miwili kama unavyokamua tui, hadi matone yakome. Kopo moja la gramu 400 litakutolea zaidi ya nusu kikombe cha maji ya chumvi. Ulipopanga trei yako mara ya kwanza, maji hayo yote yalikuwa ndani yake. Kama kabichi ni ya kopo, isuuze mara moja kwa maji baridi kabla ya kuikamua, kwa sababu ile huwa kali na ya chumvi zaidi. Kama ni ya chupa au mfuko kutoka kwenye friji ya duka, ile iliyo hai, usiisuuze. Ladha yake ndiyo uliyoilipia, kamua tu.

Baada ya hapo usiitie kwenye trei bado. Kaanga kitunguu kimoja kilichokatwa vyembamba kwenye siagi isiyo na chumvi hadi kilegee, tia kijiko cha chai cha kisibiti, kisha kabichi yako. Igeuzegeuze kwa moto wa wastani dakika sita au saba. Mwanzoni itatoa mvuke mwingi na sufuria italia kwa sauti nzito. Mvuke ukipungua, sauti inabadilika, inakuwa ya kukaanga, na nyuzi za kabichi zinaanza kushika rangi ya dhahabu kwenye ncha. Hapo imekuwa tayari. Ikiwa bado inalia kwa ile sauti nzito, ina maji. Kwa wazee hatua hii ina faida nyingine: kabichi inalainika na nyuzi zake hazining'inii mdomoni. Ikate fupi kabisa kabla ya kuikaanga.

Nyama sasa. Huko kwenu unaweza kununua ya deli iliyokwisha pikwa na kukatwa, au kipande kibichi kilichokwisha lowekwa chumvi, kinachojaa madukani Machi watu wakijiandaa na sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Kwa jikoni la watu wengi nakushauri ununue kipande kibichi. Ni nafuu, na chumvi unaitawala mwenyewe: kiweke kwenye maji baridi, kipashe hadi kianze kuchemka, onja maji. Yakiwa ya chumvi kali, mwaga yote, anza upya na maji mapya. Halafu chemsha polepole, maji yakitetemeka tu, kwa makadirio ya saa moja kwa kila nusu kilo, hadi uma uingie bila kusukumwa. Kidari kina utando mwingi mgumu, na utando huo haugeuki kuwa laini kwa haraka. Ukichemsha kwa fujo unapata nyama kavu na bado ngumu. Kumbuka kwamba itapungua theluthi moja au zaidi, kwa hiyo kama unataka gramu 600 zilizoiva, nunua kilo moja. Ipoze, ikate kukingama nyuzi, kisha vipande vidogo vya sentimita moja. Ukiikata kufuata nyuzi, mzee atatafuna hadi jioni.

Kama umenunua ya deli, ikate utepe mwembamba, uipitishe kwenye kikaango kikavu dakika mbili au tatu. Itaachia mafuta na maji, yamwage. Na wewe unayepikia wazee zingatia hili hasa: taasisi za afya za Marekani huwashauri watu wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wasile nyama za deli baridi bila kuzipasha hadi nyuzi 74 za Selsiasi, yaani 165 za Farenhaiti, kwa sababu ya bakteria wa listeria ambao baridi ya friji haiwazuii kukua. Kipimajoto kiingie katikati ya trei. Usipime pembeni.

Mkate wa rai una tabia yake. Nafaka hiyo haina utando wa kunyumbuka kama wa ngano, lakini ina uwezo mkubwa wa kunywa maji, na ukishalowa haurudi. Mikate mingi ya rai ya Marekani ina ngano nyingi ndani, jambo ambalo safari hii linakusaidia. Kata vipande vya sentimita mbili, tandaza kwenye trei, kausha kwenye oveni ya nyuzi 150 (300 kwa oveni zenu) kwa dakika 15 hadi 20. Usitafute rangi; tafuta ukavu hadi ndani, kipande kikivunjwa kitoe sauti. Mkate wa jana au juzi ni bora kuliko wa leo.

Jibini ulilitumia vizuri ila pahala pasipo pake. Wauzaji wengi wa Reuben huweka jibini upande wa mkate, juu na chini, na nyama na kabichi hubaki katikati. Mafuta ya jibini lililoyeyuka yanauwekea mkate kizuizi. Fanya hivyohivyo kwenye trei. Jibini la Uswisi lenye matundu, au Emmental lenyewe, lina chumvi kidogo kuliko jibini nyingi za dukani, na hilo ni msaada mkubwa kwako. Usiende kulibadilisha na jibini la kusindikwa la vipande vilivyofungwa kwenye nailoni. Liparuze mwenyewe.

Mafuta yaliyoelea pembeni yalitoka kwenye sosi. Mayonezi ni mafuta yaliyoshikwa na kiini cha yai, na ukiyachoma muda mrefu yanaachana. Wewe uliyaoka saa nzima. Sosi ya Kirusi, ambayo pamoja na jina lake ni ya Kimarekani, ni mayonezi, sosi ya nyanya yenye pilipili kidogo, na mzizi mkali wa jamii ya haradali unaoparuzwa (kwa Kiingereza "horseradish"), huko kwenu unauzwa kwenye vichupa kando ya haradali. Watu wengi siku hizi hutumia ile ya Thousand Island, iliyopewa jina la visiwa vya mto St. Lawrence mpakani mwa Marekani na Kanada. Ni tamu zaidi, na ukali hauna. Mimi naona utamu ule ukichanganyika na jibini la moto unachosha ulimi haraka, lakini wazee wako wakiwa wameizoea usiwalazimishe ladha yangu. Ya muhimu ni kiasi. Changanya kikombe kimoja cha sosi: robo tatu ya kikombe mayonezi, robo sosi ya nyanya, kijiko kimoja kikubwa cha ule mzizi mkali, nusu kijiko cha haradali, na matango ya achari yaliyokatwakatwa na kukamuliwa. Theluthi moja tu ndiyo iingie kwenye trei, ikipakwa nyembamba kwenye nyama. Iliyobaki ikae kwenye friji, uimwagie juu ya kila sahani wakati wa kupakua. Sosi baridi juu ya chakula cha moto ndiyo inayokumbusha sandwichi kuliko kitu kingine chochote, na kwa mtu mwenye shida ya kumeza kitu kikavu inarahisisha tonge.

Kwa trei ya sentimita 23 kwa 33, inayotosha watu wanane, nafanya hivi. Mkate mkavu gramu 350, nyama iliyoiva gramu 600, makopo mawili ya kabichi (gramu 800 kabla ya kukamua), jibini gramu 300, siagi isiyo na chumvi gramu 60 pamoja na ile ya kukaangia. Chumvi usitie popote, hata chembe. Trei iwe ya chuma, isiwe ya kioo, na uipake siagi. Tandaza mkate zaidi kidogo ya nusu, nyunyiza nusu ya jibini. Juu yake nyama iliyopakwa sosi, ikiwa ya moto. Juu ya nyama kabichi, nayo ya moto. Hapo simama. Ingiza hivyo, bila mkate wa juu na bila foili, rafu ya chini ya oveni, nyuzi 190 (375 kwa Farenhaiti), dakika 15. Moto wa chini unakausha mkate wa chini na mvuke wa kabichi unapata njia ya kutoka. Kisha toa, nyunyiza jibini lililobaki, tandaza mkate uliobaki ukiwa umechovywa kwenye siagi iliyoyeyuka pamoja na kisibiti kidogo, rudisha rafu ya kati dakika 15 nyingine hadi jibini libubujike na mkate ushike rangi. Iache itulie dakika kumi kabla ya kukata. Ukikata mara moja itabomoka, na utaanza kuwaza upya kuhusu ile supu.

Hapo juu nimesema trei ya kawaida. Kama mnatumia zile trei kubwa za chuma za mahotelini, za inchi 12 kwa 20, eneo lake ni karibu mara mbili, kwa hiyo zidisha kila kitu kwa mbili na uongeze dakika tano au kumi. Usijaribu kuongeza kina. Kikizidi sentimita tano, tunarudi kwenye uji. Afadhali trei mbili fupi.

Wako watakaokuambia umimine mayai sita yaliyopigwa na maziwa vikombe viwili ili ishikane. Inashikana, ni kweli, na kwa kifungua kinywa ni chakula kizuri sana. Ila hapo umepika kitu kingine, kilaini chote, kisicho na ule mkwaruzo wa mkate uliokaangwa. Kwa mzee asiye na meno kabisa huenda ndicho kinachomfaa, na unaweza kumtengenezea trei yake ndogo pembeni. Wengine wape mkate.

Kuhusu kuipanga usiku: andaa usiku, panga asubuhi. Kabichi ikaangwe, nyama ikatwe, jibini liparuzwe, vyote vipozwe kwenye trei pana zisizo na kina ili vipoe upesi, kisha friji. Mkate ukae nje ya friji kwenye mfuko uliofungwa, maana friji inaulegeza. Asubuhi pasha nyama na kabichi kwenye sufuria, panga, ingiza. Kupanga kwenyewe ni kazi ya dakika chache. Ukiipanga usiku, mkate unakunywa unyevu saa nane mfululizo na kazi yote ya kukamua imepotea bure. Ikishaiva, kama inasubiri kwenye meza ya moto, isishuke chini ya nyuzi 60, na usiifunike kabisa, acha upenyo. Ikizidi saa moja pale mkate wa juu utalegea hata ufanye nini, kwa hiyo toa trei kwa zamu badala ya zote kwa pamoja.

Kuna jambo hukuuliza ila wapishi wengine wa Kiswahili huko huniuliza. Reuben huitwa chakula cha deli za Kiyahudi, lakini kwa sheria ya Kiyahudi yenyewe hairuhusiwi, kwa kuwa imechanganya nyama na jibini. Kwa Mwislamu mchanganyiko huo si tatizo. Kinachotakiwa kujulikana ni uchinjaji wa ng'ombe, na kimeng'enya kilichogandisha jibini, kwani jibini za jadi za Uswisi hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Kama mna wakazi Waislamu, soma lebo kabla hawajakuuliza. Nyama ya bata mzinga badala ya ng'ombe pia huliwa sana huko, na hapo sandwichi hubadilika jina ikaitwa Rachel, mara nyingi ikiwa na saladi ya kabichi mbichi mahali pa kabichi chachu. Saladi hiyo usiioke. Ni maji matupu.

Sasa mdogo wako wa Mombasa. Nyama ya kopo anayoijua inatoka ukoo huohuo wa nyama ya chumvi, ila imesagika na ina mafuta mengi. Aikate mabonge, aikaange kwenye kikaango kikavu hadi ishike ukoko, amwage mafuta, ndipo aitumie. Asipofanya hivyo atapata kitu kama ujazo wa sambusa uliolowa. Akitaka kitu bora, aloweke kidari mwenyewe: lita mbili za maji, chumvi gramu 150, sukari kijiko, majani makavu ya "bay", pilipili manga, karafuu mbili tatu na vitunguu saumu, nyama izame kabisa, siku tano kwenye friji. Haitakuwa na ile rangi ya waridi, kwa sababu rangi hiyo hutokana na chumvi maalumu ya naitraiti, ambayo ikizidi kidogo ni sumu, na sipendi ipimwe kwa kijiko nyumbani. Nyama itakuwa ya kijivu na ladha iko palepale.

Kabichi aichachushe mwenyewe: kila kilo ya kabichi iliyokatwa nyembamba, gramu 20 za chumvi, aifinye kwa mikono hadi itoe maji yake, aishindilie kwenye chupa ya kioo hadi maji yaifunike, na juu aweke kitu kizito ili isielee. Vitabu vya Ulaya vinasema wiki tatu au nne, lakini vinazungumzia vyumba vya nyuzi 18 au 20. Joto la Mombasa linaharakisha mambo. Aanze kuonja siku ya nne, na ikifika uchachu anaoupenda aiingize kwenye friji, la sivyo italegea. Ikiota ukungu wa rangi au kutoa harufu ya kuoza, aimwage.

Mkate wa rai hatauona kirahisi. Mkate wa ngano isiyokobolewa na kisibiti kwenye siagi vinatosha, kwa sababu nusu ya ile harufu ambayo watu hudhani ni ya rai ni ya kisibiti. Aulize kwa wauza viungo, na achungulie wasimpe binzari nyembamba. Mbegu zinafanana lakini binzari itamgeuzia trei nzima kuwa pilau. Jibini la gauda linayeyuka vizuri na linapatikana. Lina chumvi zaidi kuliko la Uswisi, kwa hiyo alipunguze liwe gramu 200, na kabichi aisuuze hata kama aliichachusha mwenyewe.